Hela Anayoleta Mtoto Isitufunge Mdomo
Barua ya wazi kwa wazazi na walezi wa Temeke

Ndugu zangu wazazi na walezi,

Walionizidi umri shikamooni, na wengine wote nawasalimu. Nawaandikia wakati huu kwa sababu mitihani ya kidato cha nne imekwisha na nyumba zetu zimejaa vijana wasio na pa kwenda asubuhi. Matokeo hutoka Januari. Watakaochaguliwa kidato cha tano huripoti Julai. Hapo katikati pana zaidi ya nusu mwaka, na ndipo wengi wao wanaposhika hela ya jasho lao kwa mara ya kwanza: kwenye boda, kwenye kuosha magari, kibanda cha chipsi, saluni, kwa wakala wa pesa, au kwetu sisi wa gereji wanakoanza kama spana boi.

Sipingi kijana kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimharibie afya wala shule, na kazi za hatari inazikataza mpaka afike 18. Vijana wengi wamepita mikononi mwangu na nimewaona wakitulia, wakijifunza kuamka alfajiri na kusema samahani mteja anapokuwa na haki. Hofu yangu iko nyumbani.

Wiki ya kwanza mama anauliza kila kitu: umekula nini, umekaa na nani, mbona umechelewa. Kisha kijana analeta sukari kilo mbili. Mwisho wa wiki ananunua umeme wa LUKU. Mwezi ukigeuka analipia mdogo wake daftari na sare, na kuanzia hapo maswali yanakufa. Anaingia saa tano usiku, hakuna anayeinuka kitandani. Macho yamewiva, tunasema ni vumbi la barabarani. Kisa anasaidia nyumba, tunaona aibu kumhoji. Jamani, mtoto wa miaka 17 anayenunua umeme bado ana miaka 17. Shida zetu nazijua, najua hela ile inavyohitajika, na kwa sababu hiyohiyo nasema tuipokee kwa shukrani na tuendelee kuuliza.

Sasa niwaeleze mambo yanavyokwenda kazini, maana wengi wenu hamyaoni. Kijana mgeni ndiye anayetumwa. Anatumwa maji, anatumwa vocha, jioni anatumwa pombe na sigara za wakubwa. Chenji inabaki kwake, na siku moja anaambiwa aonje kidogo apate usingizi mzuri, kwani mwili umechoka. Kweli mwili umechoka. Anayempa wala hamchukii, anampenda, na kwa hiyo kukataa kunakuwa kugumu. Pale mwanzo kijana hatafuti ulevi, anatafuta kuhesabiwa kuwa ni mmoja wao.

Serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe kali tarehe 1 Machi 2017, na mimi niliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu vile vipakiti vilikuwa vya bei ya mfuko wa mtoto. Lakini chupa ndogo za kutia mfukoni zipo, gongo ipo, na deni la dukani halijawahi kupigwa marufuku. Sehemu nyingine hesabu za siku zinafungiwa baa. Bosi ameketi na bia yake, vijana wamesimama wakingoja chao, na asiyeagiza hata soda anaonekana anajisikia. Kijana akilipwa mahali pale, nusu ya hela inabaki palepale.

Bangi kijiweni hainihitaji mimi kuisema, mnaijua harufu yake. Msichokijua wengi ni kokteli: msokoto wa bangi au sigara uliochanganywa na unga, yaani heroini. Kijana anapewa kama bangi ya kawaida, anavuta, siku ya pili, ya tatu, na baada ya muda anaamka pua zinachuruzika, anapiga miayo, jasho linamtoka, mifupa inauma na tumbo linaharisha. Nyumbani tunasema malaria. Mwenzake kijiweni anamwambia ukweli, kwamba hiyo ni arosto, yaani mwili unadai unga uliouzoea, na dawa yake ni kuvuta tena. Kwa hiyo mkipima malaria mkaikosa na hali hiyo ikarudi kila akikosa kutoka nje, msinunue dawa nyingine ya malaria. Muulizeni, kwa upole, amevuta nini.

Mabinti nao wana mtihani wao. Binti aliyepewa kazi ya kuhudumia anaambiwa mteja akikununulia kinywaji usikatae, utafukuza wateja. Anayemnunulia anakuwa na madai yake baadaye, na sote tunayajua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na baa si mahali pake, hata kwa kuosha glasi. Hapa sina mjadala. Kama binti yako hajatimiza 18 na yuko kazi hiyo, mtoe wiki hii, na kama ni njaa ya nyumba iliyompeleka, semeni kwa mjumbe, semeni msikitini, semeni kanisani, semeni kwangu.

Nendeni mkamwone bosi. Kabla kijana hajaanza, baba au mama au shangazi afike kazini, ajitambulishe, aache namba ya simu, aulize malipo ni lini, yanatolewa wapi na kwa mkono wa nani. Ombeni alipwe mchana, au atumiwe kwenye simu. Bosi akijua kijana ana watu nyuma yake humtuma kwa adabu. Sijaona mwajiri mwema aliyekasirika kwa kutembelewa na mzazi, na aliyekasirika amekwisha kuwajibu.

Mpeni kijana kisingizio. Hili ndilo linalosaidia kuliko hotuba zote. Kumwambia rafiki "pombe ni mbaya" mbele ya kundi la wanaume ni kazi nzito kwa mtoto. Kumwambia "mzee wangu akinusa hapa leo nalala nje" ni rahisi, na wenzake wanacheka, wanamwacha. Mruhusuni awasingizie ukali ambao hamna. Wa boda aseme kesho alfajiri ana abiria wa kudumu na hesabu ya bosi. Na mwambieni waziwazi: ukikwama popote, saa yoyote, au dereva wako amelewa, nipigie nije nikuchukue, na maswali yatakuwa kesho. Kisha siku akipiga, timizeni. Mkimfokea njiani, hatapiga tena.

Hela yake ipangeni pamoja naye: kiasi cha nyumbani, kiasi cha kibubu kwa ajili ya chuo cha ufundi cha VETA au mahitaji ya Julai, na kiasi cha kwake ambacho hamtamuuliza. Kijana anayeweka hela kwa jambo analolitaka ana sababu yake mwenyewe ya kutoka kijiweni mapema.

Kama ameshaingia, naomba sana msimpige na msimfukuze. Anayefukuzwa hupokelewa siku hiyohiyo, na wanaompokea ni walewale. Waliozama kwenye unga wana tiba. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, baadaye zikaja Mwananyamala na hapa kwetu Temeke. Dawa hutolewa bure, mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu, na nimewaona watu waliolala mitaroni wakirudi kushika spana. Methadoni haitibu pombe wala bangi. Kwa hizo mpelekeni hospitali akaonane na wahudumu wa afya ya akili. Aliyekuwa akinywa sana kila siku msimfungie chumbani aache ghafla, anaweza kupata degedege akafa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeshazika vijana wa mtaa huu ambao ndugu zao walikuwa wakisema ni kifua.

Mafundi wenzangu na mabosi wa vijiwe, nanyi nawaomba mambo mawili tu. Kijana wa chini ya miaka 18 asitumwe pombe, na asilipwe baa. Mwenye kiu atembee mwenyewe.

Gereji yangu iko wazi kila siku, isipokuwa Ijumaa wakati wa swala. Mwaka huu nitapokea vijana wachache kama kawaida. Anayetaka kazi aje asubuhi, na asije peke yake: mzazi au mlezi aje naye, tukae tuongee watatu kabla hajashika spana.

Mzee wenu wa gereji,
Temeke