YAH: Malalamiko kuhusu ethi ya banda la ng'ombe

Rungwe, Mbeya
12 Agosti

Meneja,
Kampuni ya Ufungaji Umeme,
Mbeya Mjini.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mafundi wenu walifunga umeme kwenye banda langu la ng'ombe wa maziwa mwezi Machi na nikalipa fedha yote. Risiti yenu inasema "nondo ya shaba na waya wa ethi", yaani vya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Juzi nilifukua pembeni ya banda nikakuta kipande cha nondo ya ujenzi, ile ya kusukia linta, hakifiki hata futi mbili. Kimeota kutu, na waya umezungushiwa juu yake kwa koleo tu, hakuna klampu. Udongo wetu huku ni wa majivu ya volkano na kiangazi hiki umekauka kabisa juu, kwa hiyo ethi yenu imesimama kwenye vumbi. Picha nimeambatanisha.

Tangu Juni ng'ombe hawanywi vizuri. Anafika kwenye birika la bati, anagusa maji kwa ulimi, anarusha kichwa na kurudi nyuma. Wakati wa kukamua wanapiga mateke, na maziwa yamepungua. Nilipowapigia simu, fundi wenu alikuja amevaa mabuti ya mpira, akagusisha testa, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, kwenye birika, taa haikuwaka, akaniambia ng'ombe wa kisasa wana madeko.

Testa ya aina ile haiwaki mpaka ikutane na makumi ya volti. Ng'ombe hasubiri zote hizo. Volti 3 au 4 zinatosha kumsumbua, kwa sababu anasimama peku kwenye sakafu iliyolowa na mwili wake unapitisha umeme kirahisi kuliko wetu. Jirani alileta mita. Pampu ya maji ikizimwa, mita inasoma sifuri. Pampu ikiwashwa, kati ya birika na sakafu zinapatikana volti 6. Mota inavuja, umeme unafuata bomba hadi kwenye birika, na kwa sababu ethi haina kazi, unabaki hapo; breka ya ampea 20 haishtuki kwa uvujaji mdogo kama huo. Anayekamua ni mke wangu. Siku buti lake likitoboka na mota ikiharibika zaidi, mtaniambia nini?

Naomba mje kwa gharama zenu mfunge nondo halisi ya shaba kwa klampu, mpaka kwenye udongo wenye unyevu. Birika, mabomba ya vizuizi na wavu wa chuma uliomo kwenye zege la sakafu viunganishwe vyote kwenye ethi, ili ng'ombe asisimame katikati ya vyuma viwili vyenye volti tofauti. Mfunge pia swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Mkimaliza, mpime ethi kwa kifaa chake na kuniandikia kipimo. Mota ya pampu nitaipeleka kurekebishwa mwenyewe, hiyo si kazi yenu.

Msipofika hadi tarehe 31 Agosti, barua hii na picha zake vitakwenda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, maana ndio wanaotoa leseni za ufungaji umeme, na fomu mliyonikabidhi haina namba ya leseni ya fundi yeyote.

Wenu,
Mfugaji, Rungwe

Nakala: Ofisa Mifugo wa Kata