Filamu ya polaraiza ya nyaya: usiiguse upande unaong'aa

Polaraiza ni kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Ukifungua kifurushi utaona filamu ina upande mmoja unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hiyo si kasoro. Ni nyaya za alumini zilizolala sambamba, na kutoka waya mmoja hadi wa pili ni nanomita 100 hivi. Unywele mmoja ungefunika mamia yake.

Mwanga unaotikisika kufuata nyaya hurudishwa, unaotikisika kuzikatiza hupita. Heinrich Hertz alionyesha jambo hilohilo kwa mawimbi ya redio mwaka 1888, nyaya zake zikiwa zimeachana kwa sentimita. Wimbi la mwanga wa buluu ni nanomita 450 tu, ndiyo maana nyaya zetu lazima zibanane. Zikiachana hadi nanomita 200, buluu ndiyo huanza kuvuja: pishanisha vipande viwili, nyaya za kimoja zikikatiza za kingine, na badala ya giza utaona usamawati.

Nyaya ndogo kiasi hicho tunazipiga chapa. Rola yenye kalibu ya nikeli hukandamiza resini ya majimaji iliyopakwa juu ya plastiki na kuichora matuta na mifereji, mionzi ya urujuanimno huigandisha papo hapo, kisha filamu hubanduliwa. Kubandua ndiko kugumu. Chembe ya resini ikinasa ndani ya kalibu, kila mzunguko utaacha doa. Kwa hiyo ukiona madoa yanajirudia, chukua rula. Rola ya kipenyo cha milimita 200 hurudia kila milimita 628. Umbali ukilingana, kalibu ndiyo chafu. Madoa yasiyo na mpangilio ni vumbi au viputo vya hewa.

Baadaye alumini huvukizwa ndani ya ombwe, ikija kwa mshazari ili ishike migongo ya matuta na kuacha mifereji kivulini. Ikizidi, mifereji huziba na filamu inageuka kioo cha kujitazamia tu. Ziada huondolewa kwa kuichovya kwa muda mfupi katika maji mepesi ya kostiki soda. Ukichelewa kuitoa, nyaya zenyewe huliwa.

Sasa upande wako. Shika kingo tu, na glavu mkononi. Kidole kimoja hulaza nyaya kama mpunga uliopigwa na upepo, na haziinuki tena. Chumvi ya jasho nayo hula alumini. Usifute kwa kitambaa, hata kile laini cha miwani. Vumbi lipulize kwa hewa kavu. Gundi usiipake upande wa nyaya: ikijaza mifereji, giza la vipande vilivyopishanishwa hupungua.

Kuhusu joto, filamu za polaraiza za kawaida, zile za iodini, hufifia zikikaa kwenye joto na unyevu. Nyaya hustahimili zaidi, lakini plastiki ya PET iliyozibeba huanza kulegea karibu na nyuzi 75 za Selsiasi. Kwa projekta, agiza iliyotengenezwa juu ya kioo, na utuandikie nyaya zielekee upande gani wa kipande kabla hatujakata.