Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Njia, Mvua na Mazoezi Kisumu

Ndugu wanachama,

Kamati ya klabu yetu ya baiskeli na mbio imeziondoa safari za baiskeli za Jumamosi alasiri kwenye ratiba. Mchana upepo hutoka ziwani, hubeba unyevu hadi milima ya Nandi, na kuanzia saa nane mawingu huwa yameiva. Radi ikianza, aliye juu ya baiskeli katika tambarare ya Kano hana pa kujificha. Tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Jua letu huchomoza kama nusu saa baadaye, kwa hiyo asiye na taa ya nyuma hataondoka na kundi.

Njia ya Maseno inabaki ndiyo kipimo chetu. Hadi Kisian ni tambarare. Baada ya hapo barabara ya Busia hupanda kutoka karibu mita 1,150 hadi 1,500 hivi pale Maseno, kwenye Ikweta. Kupanda hakuna hatari. Hatari ni kurudi. Baiskeli nyingi za wanachama wapya zina rimu za chuma, na raba ya breki haishiki chuma kilicholowa: unabana, baiskeli inaendelea. Kwenye mvua, gusa breki kidogo kidogo tangu juu ili raba ipanguse maji, na mwachie wa mbele nafasi mara mbili ya kawaida. Mteremko wa Riat, barabara ya Kakamega, una malori na matatu pia. Kwa maoni yangu, mwenye rimu za chuma ashuke Riat kwa miguu mvua inaponyesha.

Njia za ndani za Ahero zitafungwa kwetu Machi hadi Mei. Udongo mweusi wa kule ukilowa huvimba na kunata, hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Anayelazimisha pedali huvunja kishikio cha gia. Ukinaswa, shuka, beba baiskeli hadi kwenye majani, kwangua kwa kijiti. Ukifika nyumbani usielekeze maji ya nguvu kwenye habu: husukuma mchanga ndani ya beringi.

Cheni ndizo zilizotugharimu zaidi, kwa sababu matope yaliyochanganyika na oili husaga pini. Pima pingili 24 cheni ikiwa imenyooshwa: mpya ni milimita 304.8. Ikifika 307, ibadilishe. Ukichelewa, meno ya nyuma yatakuwa yameliwa na cheni mpya itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu.

Wakimbiaji, njia ya Dunga inafaa mwaka mzima. Tatizo ni joto, hasa Januari na Februari. Wanaoshuka kutoka Eldoret au Iten hutaka kukimbia kwa mwendo wao wa kule siku ya pili tu, wakidhani hewa nzito ya huku chini itawabeba. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Wiki ya kwanza punguzeni mwendo, si umbali tu. Jipimeni uzito kabla na baada: kilo moja iliyopotea ni takriban lita moja ya jasho.

Mkutano mkuu utapigia kura pendekezo moja la matumizi: kununua vipimo viwili vya cheni na pampu moja yenye geji, vikae kwa fundi wetu ambapo kila mwanachama atavitumia bila malipo.