Risala ya Mafundi Seremala wa Wete kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunguliwa Banda la Kukaushia Mbao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waheshimiwa viongozi wa Wilaya ya Wete, Masheha, walimu wetu wa mafunzo ya amali, wazee wetu na mafundi wenzetu, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja kutufungulia banda hili, ambalo kwa mpita njia ni kibanda cha nailoni tu, lakini kwetu ndilo litakaloamua iwapo milango yetu itauzika Saudi Arabia au itaendelea kumsubiri mtalii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuuza vifaa vya ujenzi Bara Arabu si jambo geni katika pwani hii. Kwa karne nyingi majahazi yalirudi huko na upepo wa kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, na vyumba vya nyumba nyingi za zamani za Ghuba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Biashara ile imekwisha na sisi hatuililii: Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, wanunuzi wakahamia kwenye zege na chuma, na mikoko yetu ina kazi yake pale ilipo. Vijiweni tunasikia pia rai kwamba tuuze mawe na mchanga. Mchanga wa kujengea nyumba zetu wenyewe tayari ni wa kugombaniwa, kwa hiyo hilo tunaliacha hapo.

Tunachokusudia kuuza ni mbao zilizokwisha kufanyiwa kazi, yaani milango, madirisha na fremu zake. Tangu Saudi Arabia ilipotangaza Dira yake ya 2030 mwaka 2016, ujenzi wa hoteli na makaazi umeshika kasi, Riyadh ikijiandaa na Maonesho ya Dunia ya 2030 na nchi nzima ikijiandaa na Kombe la Dunia la 2034. Huko Jeddah, katika mji mkongwe wa Al-Balad ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014, nyumba zina roshani za mbao zilizochongwa, nyingi zikiwa za msaji, yaani mtiki, ulioletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na sasa zinakarabatiwa. Watu hao nakshi wanaijua, na hawahitaji kuelezwa thamani ya mlango uliochongwa kwa mkono. Wanachouliza kwanza ni unyevu wa mbao.

Hapa tunaomba utuvumilie kidogo, kwa kuwa ndiko hasa tatizo letu liliko. Ubao ulioanikwa kivulini hapa Wete, hata ukikaa mwaka mzima, hubakia na unyevu wa asilimia 15 hivi, kwa sababu hewa yetu ya bahari hairuhusu ukauke zaidi ya hapo. Mlango uliotengenezwa kwa ubao huo hapa unakaa sawa miaka na miaka. Ukifika Riyadh, ambako hewa ni kavu na ndani ya nyumba kiyoyozi huikausha zaidi, ubao hushuka chini ya asilimia 10, nao hunywea: kipande chenye upana wa sentimita 30 hupungua milimita kadhaa, maungio hulegea, mfaa, yaani ule ubao wa katikati ya mlango, hupinda, na nakshi ya fundi aliyeinamia patasi kwa wiki nzima hupasuka katikati ya ua. Kosa hapo si la mchongaji, lakini jina linaloharibika ni lake.

Banda hili ndilo dawa yake. Jua hupita kwenye nailoni na kupiga mabati meusi yaliyo juu, feni husukuma hewa ya moto kati ya mbao zilizopangwa kwa vijiti, na ncha za kila ubao hupakwa rangi ili zisikauke mbio na kupasuka. Kujua kama ubao umekauka hakutaki kubahatisha kwa kugonga na kusikiliza, ingawa wazee wetu wana masikio mazuri. Vijana wetu hukata kipande kidogo, hukipima kwenye mizani, hukiweka katika oveni ya nyuzi 103 na kukipima tena na tena mpaka uzito usipungue. Tofauti ya uzito ndiyo maji yaliyokuwemo.

Yaliyobaki ni makaratasi na nafasi melini. Msaji wetu mwingi unatoka Tanga, kwa hiyo tunatunza hati za kusafirishia mazao ya misitu, maana bila ya hizo asili ya mbao haielezeki. Mnunuzi naye hutaka cheti cha asili na usajili katika SABER, mfumo wa Saudia wa kuhakiki bidhaa zinazoingia nchini humo, na hata mbao za kreti ya kufungia mzigo lazima ziwe zimepashwa moto wa nyuzi 56 hadi kiini kwa dakika 30 na kugongwa muhuri. Kontena la futi 20 hatuwezi kulijaza peke yetu, na kulipia kontena tupu nusu ni kumaliza faida kabla meli haijang'oa nanga.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatuombi fedha leo. Tunaomba utusaidie mambo mawili: mafundi wa Wete, Chake Chake na Unguja wapatiwe sehemu moja karibu na bandari ya Malindi, Unguja, ya kukusanyia mizigo yao katika kontena moja, na Taasisi ya Viwango Zanzibar ituletee wataalamu wa kuhakiki vipimo vyetu hapa hapa Pemba, badala ya sisi kuvusha sampuli kila mara.

Baada ya kukata utepe, tunakuomba upite kwenye meza ya mizani, ambapo kipande cha msaji kilichotolewa bandani asubuhi ya leo kinakusubiri ukipime kwa mkono wako.

Tunaomba kuwasilisha.