Swali la mama yule

Melbourne,
14 Julai

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwako na kwa watoto wa darasa lako. Huku ni kipupwe, ila si kile cha Tanga. Vidole vinakufa ganzi kabla sijafika maabara.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mama wa mwanafunzi wako kiziwi amesikia kwamba hospitali ya Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio tangu 2017, naye anauliza: mwanangu atasikia kama sisi? Atasikia, lakini si kama sisi. Nataka uelewe sababu, ili ukimjibu usimvunje moyo wala usimpe matumaini ya uongo.

Unakumbuka makombe ya konokono wa pwani tuliyokuwa tukiokota maji yakitoka? Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, kiungo kinachopokea sauti, nayo imejiviringa vilevile. Graeme Clark, daktari wa hapa Melbourne aliyelelewa na baba mwenye usikivu hafifu, alihangaika sana kutafuta namna ya kupenyeza nyaya humo. Mwaka 1977, akiwa mapumzikoni kwenye ufukwe wa Minnamurra, alichukua kombe akasukumia majani ndani yake. Jani lenye ncha laini na shina gumu lilizunguka likaingia. Mwaka uliofuata akampandikiza mgonjwa wake wa kwanza, Rod Saunders. Hadithi hiyo naipenda mno, labda kwa sababu ya yale makombe yetu.

Kazi yangu ni saketi inayopeleka umeme kwenye elektrodi, yaani zile ncha za nyaya zinazoamsha neva ndani ya koklea. Kila umeme unaokwenda lazima urudi kwa kipimo kilekile, kwa muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukibaki hata kidogo, unarundikana mpigo kwa mpigo: majimaji ya mwilini yanabadilika, platinamu ya elektrodi inalika, neva zinaumia. Mwezi wa Machi saketi yangu ilikuwa inabakiza. Niliitumbukiza kwenye maji ya chumvi kama kawaida, na badala ya kurudi sifuri, volti ikawa inapanda polepole. Wiki mbili nzima nilitafuta hitilafu, hadi nikakuta transista mbili, vile vidude vinavyodhibiti umeme, zilizopaswa kuwa mapacha hazilingani. Usiku sikupata usingizi mzuri, maana kila nikifumba macho namwona mtoto aliyevaa kitu hicho kichwani.

Sasa nirudi kwa mama. Vifaa vinavyotumika sana hapa vina elektrodi 22. Sikio lenye afya huamsha neva kwa seli zipatazo 3,500. Utauliza, si tuongeze elektrodi? Koklea imejaa majimaji ya chumvi, umeme unatawanyika humo, na elektrodi mbili zikikaribiana sana zinaamsha neva zilezile. Hata hivyo ubongo unajua kufumbua mengi kwa machache. Mwaka 1995 mtafiti Robert Shannon na wenzake walionyesha kwamba mtu akiwa mahali pa kimya anaweza kuelewa usemi uliopunguzwa hadi mikondo minne tu ya sauti.

Nikajaribu kwa Kiswahili. Nilijirekodi nikisema "Baba amekuja", halafu "Baba amekuja?", nikazipitisha zote mbili kwenye programu inayoiga kifaa. Maneno yote niliyasikia. Swali sikulisikia. Nikarudia tena na tena, sikuweza kuzitofautisha. Swahiba, hilo limenikaa moyoni. Sisi mara nyingi huuliza kwa kupandisha sauti tu, na kupanda na kushuka kwa sauti ndicho kitu ambacho vifaa hivi hukipitisha vibaya kuliko vyote. Mtoto ataulizwa "Umekula?", yeye asikie anaambiwa kuwa amekula, akae kimya, watu waseme hajali, au hajaelewa.

Kwa hiyo mwambie mama: wakipandikiza, kila swali waanze na "Je". "Je, umekula?" "Je, baba amekuja?" Neno hilo fupi litapita. Wamtazame usoni wakiuliza, na lugha ya alama wasiiache hata siku moja. Sehemu ya nje ya kifaa ikivuliwa usiku, mtoto ni kiziwi vilevile, na bado ana ya kusema.

Nitumie maneno ambayo watoto wako wenye vifaa vya kawaida vya kukuza sauti huyachanganya, "pata" na "bata", "tamu" na "damu", na mengine unayoyajua wewe. Nitayapitisha moja moja kwenye programu nione yapi yanapotea, halafu nitakuandikia.

Nisalimie nyumbani.

Wako,
Swahiba wa makombe