Makaratasi mmeyaacha, kumbukumbu zinakaa wapi?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka yote na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari ya viwanda vya minofu hapa Mwanza kuachana na makaratasi imenikera. Mmeweka picha ya kijana ameshika tableti pembeni ya meza ya sangara, mkaandika kumbukumbu zote za usalama wa chakula sasa ni za kidijitali, habari ikaishia hapo. Zinatunzwa wapi? Nani anaweza kuzifungua? Mwaka kesho kutwa zitakuwepo? Mwandishi wenu hakuuliza hata moja.

Mimi nimekaa kitengo cha ubora miaka 19, nimestaafu juzijuzi. Nilichokiona nitakisema, kiwanda sikitaji.

Alikuja odita, yaani mkaguzi, kwa niaba ya mteja wa Ulaya. Akachagua loti moja ya minofu ya kugandishwa, akasema naomba joto la chila, kile chumba cha ubaridi, siku samaki hawa walipopokelewa, miezi 16 nyuma. Enzi za mafaili hiyo ni kazi ya dakika kumi. Tukaingia kwenye ile programu tuliyouziwa kwa mbwembwe, ikatuambia akaunti imefungwa kwa sababu malipo ya mwaka hayajafanyika, na kumbe data zote zilikuwa huko huko kwao, sisi hatukuwa na nakala hata moja. Tukakimbilia kompyuta ya ofisini, faili za Excel zinaitwa TEMP MPYA, TEMP MPYA 2, TEMP MPYA YA KWELI, tarehe zimeandikwa 03/04 hujui ni tarehe 3 mwezi wa nne au tarehe 4 mwezi wa tatu. Kile kidude cha kurekodi joto nacho betri iliwahi kuisha, saa yake ikarudi mwanzo na hakuna aliyeirekebisha, wiki tatu nzima zinasomeka mwaka 2000. Nyingine zilikuwa picha za fomu kwenye simu ya supavaiza aliyeshahamia Dar. Mwisho ikapatikana faili moja ya tarehe ile ile, namba zimenyooka 2.0, 2.0, 2.0 toka asubuhi hadi usiku, odita akabonyeza kuangalia imeguswa lini mara ya mwisho, ikasoma jana yake saa tano usiku. Chumba kizima kimya. Aliyeijaza ni binti wa kumbukumbu, mkataba wa miezi sita, mkubwa wake alimwambia hakikisha kesho kuna kitu, na aliyefukuzwa ni huyo binti, mkubwa yupo mpaka leo anaendesha gari la kampuni. Na mimi nilishaomba mara tatu kwa maandishi tununuliwe diski ya nje ambayo haifiki hata laki mbili, nikajibiwa bajeti hakuna, mwezi ule ule yakaletwa makochi mapya ya mapokezi!

Na wale samaki walikuwa wazima kabisa mhariri. Barafu ilikuwepo, zamu ile nilikuwa mimi. Ila mdomo wangu si ushahidi, ndo maana HACCP, ule mfumo wa kudhibiti hatari kwenye chakula, ina kanuni saba na ya saba ni kutunza kumbukumbu. Fomu ya karatasi ukikosea unakata mstari mmoja unasaini, kosa linabaki linaonekana. Kwenye kompyuta unafuta tu, usipoifunga faili isibadilishwe hakuna anayejua.

Watu wanasema ni usumbufu wa wazungu. Marekani sheria yao ya samaki inataka kumbukumbu za samaki wa ubaridi zikae angalau mwaka mmoja, wa kugandishwa miaka miwili, na kompyuta wanaikubali kabisa ila uwe na udhibiti wa kuhakikisha data haichezewi. Ulaya walipotufungia sangara mwaka 1999 kisa hofu ya sumu ziwani, mimi nilikuwa kibarua wa kutoa ngozi, tukarudishwa nyumbani na ndoo zetu. Aliyepitia ile njaa hawezi kuchezea faili.

Halafu mnaandika habari ya tableti wakati huko mwaloni, samaki anakotoka, jina la mtumbwi linaandikwa kwenye kipande cha boksi, barafu ikiyeyuka wino nao unaondoka. Akina mama wa dagaa wanaitwa semina ya usalama wa chakula, wanapewa fulana na soda, wanarudi kuanika dagaa mchangani maana chanja hazitoshi. Hayo nayo muyaandike.

Ombi langu kwa wenye viwanda. Kila Ijumaa saa nne asubuhi, kabla vibarua hawajalipwa, mtu wa uhasibu, asiwe wa kitengo cha ubora, achague tarehe yoyote kati ya miezi 12 na 24 nyuma, joto la chila la siku hiyo lifunguliwe, lichapishwe, asaini. Faili zianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Nakala ziwe mbili, moja ikae jengo jingine kabisa, na meneja mkuu ndo aweke sahihi kwamba kaiona.

Na mwandishi wenu akirudi kiwandani, asipige picha kwanza. Achague tarehe moja ya mwaka juzi, aombe afunguliwe, halafu aangalie saa yake.

Mstaafu wa kitengo cha ubora,
Igogo, Mwanza