Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliomzika Babu

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama, mafundi na wenye maduka,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Kwa desturi taarifa hii huanza na ada, ikafuata mikutano, ikaja migogoro ya vibanda, na waliotangulia mbele ya haki tukawakumbuka mwishoni kwa kusimama dakika moja. Mwaka huu nimeomba ridhaa ya kamati nigeuze utaratibu. Hesabu atazisoma Mweka Hazina, na nakala mnazo mkononi. Mimi naomba nimzungumzie mzee wetu, fundi na mwenye duka la baiskeli, ambaye Ngamiani yote, mtaa wetu huu wa Tanga mjini, ilimwita Babu.

Wengi wenu mmejiunga juzi na mlimjua akiwa mzee wa kiti cha kukunja mlangoni, tasbihi mkononi. Babu alizaliwa kambini, katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Baba yake alitoka Kigoma, mmoja wa manamba walioletwa kwa mkataba kukata mkonge, na kama wengi wao hakurudi tena kwao. Mkonge ndio uliojenga mji huu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000, na Tanga ndiyo iliyokuwa kitovu chake. Ufundi Babu aliuokota huko huko shambani, kwenye baiskeli za manyapara. Bei ya mkonge ilipoporomoka na kazi kupungua, vijana wa kambini walitawanyika. Yeye aliingia mjini na spana, pampu na kopo la solusheni, akatandika gunia lake chini ya mwembe.

Miaka ya uhaba wenzangu wa rika langu mnaikumbuka. Tairi mpya ilikuwa kwa kibali, na kibali chenyewe kilitaka kujuana. Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, wapo waliofunga maduka, wapo waliotupa mali usiku kwa hofu. Babu hakuwa na mali ya kutupa. Alishona tairi zilizopasuka kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni, ndani akaweka kipande cha tairi kuukuu la gari, na muuza samaki akaondoka na tenga lake. Milango ya bidhaa ilianza kufunguliwa mwaka 1984, na baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi Novemba 1985, baiskeli za Phoenix zikarudi madukani. Ndipo Babu alipohama kutoka mwembeni akaingia dukani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo yeye mwenyewe hakuacha kulisema. Fedha ya kwanza ya duka lile ilikuwa ya mkewe, Bibi yetu. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi na kucheza upatu na wanawake wenzake, na zamu yake ilipofika akampa mumewe fungu lote anunue spoki, cheni na gololi. Mtu akisifia duka mbele yake, Babu alijibu, "Hili duka la vitumbua." Aliisema kwa heshima kubwa, na Bibi akiwepo alitazama chini akitabasamu.

Kazi yake ilikuwa safi. Nenda leo kwa mafundi wake uone wanavyonyoosha rimu: gurudumu limepinduliwa juu, linazungushwa polepole, na kipande cha chaki kimeshikwa karibu kabisa na rimu bila kuigusa. Chaki inapochora, hapo ndipo palipoinama. Spoki ya upande huo inalegezwa kidogo, ya upande wa pili inakazwa kidogo, gurudumu linazungushwa tena. Babu hakuruhusu mwanafunzi apige rimu kwa nyundo. Alisema anayepiga nyundo anamwibia mteja, kwa sababu ile baiskeli itarudi wiki ijayo.

Nyumbani kwake nako palikuwa na utaratibu. Adhana ya Magharibi ilipolia, duka lilifungwa, hata kama mteja kasimama na pesa mkononi. Alikula na watoto wake sinia moja, akiwauliza mmoja mmoja habari za siku. Watoto wa kike aliwafundisha kusuka gurudumu sawasawa na wa kiume, na jirani waliponong'ona aliwaambia riziki haiulizi. Wapo waliomshauri afungue tawi Muheza na jingine Korogwe. Alikataa kwa sababu hakutaka kulala mbali na watoto wake. Kwa maoni yangu aliona mbali.

Pikipiki zilipojaa mjini na biashara yetu ikayumba, wengi tulizilaani. Babu aliwaita vijana wake wawili akawalipia wakajifunze injini. Hao leo ni wanachama wa chama hiki, wamekaa mstari wa mbele, na ada wanalipa kwa wakati.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nibadilishe utaratibu wa taarifa. Katika mji huu nimeshuhudia maduka mengi yakizikwa pamoja na wenyewe. Mzee anafariki, anakuja mdai ambaye hakuna anayemjua, wadeni nao wananyamaza, ndugu wanagawana mali kabla hata ya arobaini, na mjane anabaki na funguo za chumba kitupu. Babu alikuwa na daftari mbili: moja ya wanaomdai, moja ya anaowadai. Kila Alhamisi usiku Bibi na binti wa pili walizisoma pamoja naye. Alipofariki, hapakuwa na mtu wa kubahatisha.

Familia ilichukua cheti cha kifo, ikakaa kikao cha ukoo, ikampendekeza msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha. Msimamizi ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Yeye aliipeleka mapema kwa kuwa orodha ilikuwepo. Madeni yakalipwa kwanza kama sheria ya dini inavyoagiza, ndipo warithi wakapewa mafungu yao, na Bibi thumuni yake. Waliokuwa wakidaiwa na marehemu walikuja wenyewe, wakiwemo wachuuzi wa soko la samaki la Deep Sea, baadhi na pesa za mafungu mafungu. Familia iliwasamehe waliokuwa na hali ngumu zaidi, na imeniomba nisiseme ni akina nani.

Wanachama, shikeni hili: namba ya mlipakodi na leseni ya marehemu hazirithiwi. Binti yake ilibidi aombe zake mwenyewe kabla ya kufungua mlango. Alifanya hivyo, na sasa duka liko mikononi mwake. Kijana yeyote anayetaka kujifunza ufundi aende, nafasi ipo.

Mfuko wetu wa kufa na kuzikana, ambao Babu alikuwa miongoni mwa waliouasisi, ulihudumia msiba wake kwa ukamilifu. Nawashukuru akina mama waliokaa na Bibi kipindi chote cha eda na kumpelekea chakula bila kukosa.

Mengine kwa ufupi. Mikutano yote ya kamati ilifanyika. Suala la vibanda vya pembeni mwa barabara bado tunazungumza na halmashauri, na kamati haitasaini chochote kabla ya kurudi kwenu. Uchafu wa mitaro umepungua tangu tuweke zamu. Wanaokwepa zamu wanajijua, na nawasihi waache.

Kamati inaleta hoja mbili mzipigie kura leo. Ya kwanza, kila mwanachama awe na daftari mbili kama za Babu, na amwoneshe walau mtu mmoja wa nyumbani kwake mahali zilipo. Katibu atapita dukani kwa dukani kusaidia wanaoanza. Ya pili, mfuko utenge kila mwaka ada ya mwanafunzi mmoja wa ufundi, wa kike au wa kiume, kwa jina la Babu na Bibi kwa pamoja. Familia imeridhia, na Bibi ameomba mwanafunzi wa kwanza atoke kambi za mkonge.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti